Maji Yalifika Wapi?

Kuna mstari ukutani mwa nyumba ya bibi yangu, bondeni Rufiji. Hakuna fundi aliyeuchora. Juu yake chokaa ingali nyeupe. Chini yake ukuta una rangi ya chai ya maziwa. Na pale rangi mbili zinapokutana vimegandia vitu vidogo ambavyo mto uliviacha ulipochoka kuvibeba: kipande cha jani la mpunga, vijizizi vyembamba kama nywele, gamba la konokono dogo kuliko ukucha wa mtoto. Mstari huo ulibaki baada ya masika ya 2024, mto ulipovuka kingo zake, ukaingia mashambani, kisha ukaingia vijijini Rufiji na Kibiti, ukakaa majumbani mwa watu siku baada ya siku. Nilifika maji yakiwa yameshapungua, kusaidia kutoa tope. Ni kazi isiyotaka pupa. Unakwangua kwa koleo, unazoa kwa karai, unamwaga uani, unarudi, na kila ukirudi chumba bado kinanuka mto.

Siku ya pili binamu yangu alichomoa futi ya fundi mfukoni, akaibana sakafuni kwa kiatu, akaivuta hadi kwenye mstari. "Sentimita 132," alisema, akaandika kwenye simu yake. Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, anachambua mbegu za maboga zilizonusurika juu darini. Hakuinua macho. "Dunia yote ilikuwa maji, wajukuu zangu," alisema. "Yote." Binamu yangu akatabasamu, akamwonyesha futi. "Bibi, ni sentimita 132 tu." Hapo ndipo bibi alipoinua macho. "Wewe ulikuwepo?" alimuuliza. Binamu yangu alikuwa mjini siku zile, kama nilivyokuwa mimi. Akaiachia futi ijikunje yenyewe, akainama kuchukua karai lake.

Nimekaa na maneno hayo tangu siku ile, kwa sababu wote wawili walisema kweli na kweli zao hazikulingana. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Tumezoea kuitumia methali hii kumdogosha chungu, yule mdudu mnyonge asiyejua kwamba nje ya kifuu kuna Bahari ya Hindi. Lakini isikilize tena. Methali haisemi kwamba chungu amekosea. Inasema bahari. Kwa aliye ndani ya kifuu na maji yanapanda, hakuna ng'ambo, hakuna mwinuko, hakuna habari kwamba kwingine ni kukavu. Na kifo kitakachomkuta humo si kidogo kuliko kifo cha nahodha kwenye mkondo wa Pemba. Bibi alitazama mashariki akaona maji, akatazama magharibi akaona maji, na katikati yake vilele vya miembe vimesimama kama watu waliozama wakainua mikono. Dunia ya mtu ni pale macho yake yanapofika na miguu yake inapoweza kwenda. Asubuhi ile dunia ya bibi yangu ilikuwa maji. Yote.

Bibi huyu ndiye aliyenipa Nabii Nuhu. Nilimpokea kwake juu ya mkeka, kibatari kikivuta moshi, kabla sijampata tena chuoni kwa mwalimu: mzee aliyehubiri miaka 950 akachekwa, aliyejenga safina mbali na maji, aliyemwita mwanawe apande naye na mwana akajibu kwamba mlima utamwokoa. Bibi alikuwa akifika hapo ananyamaza kidogo, kisha anasema wimbi likapita kati yao. Nilipoanza shule ya msingi nilimkuta rafiki wa dawati moja, mtoto wa Kikristo, naye ana Nuhu wake. Yeye alikuwa na upinde wa mvua ambao mimi sikuwa nao. Mimi nilikuwa na mwana aliyezama ambaye yeye hakuwa naye, maana katika kitabu chake wana wote watatu walipona. Yeye aliita gharika, mimi niliita tufani. Tulibadilishana vipande hivyo kama watoto wanavyobadilishana maembe, na hakuna aliyemuuliza mwenzake ushahidi.

Ushahidi nilikuja kukutana nao ukubwani, katika habari za mtu aliyeitwa George Smith. Alizaliwa London mwaka 1840 katika familia ya kawaida, na alipofika miaka 14 akapelekwa kujifunza kazi ya kuchonga mabamba ya kuchapia noti za benki. Kazi hiyo humzoeza mtu kuona mikwaruzo midogo ambayo wengine hawaioni. Saa ya chakula cha mchana, badala ya kula, alikwenda British Museum kutazama vibao vya udongo vilivyoletwa kutoka Ninawi, mji wa kale ng'ambo ya mto kutoka Mosul ya leo nchini Iraq. Vibao hivyo vilijaa mwandiko wa kikabari, alama zilizogandamizwa kwenye udongo mbichi kwa ncha ya tete. Smith alijifundisha kuusoma mpaka wenye makumbusho wakamwajiri. Na siku moja ya mwaka 1872, akipitia kibao kilichovunjika, upana wa kiganja kilichokunjuliwa, akasoma habari za chombo kilichotua juu ya mlima, na njiwa aliyeachiwa akaruka, akakosa pa kutua, akarudi. Inasimuliwa kwamba alianza kukimbia chumbani huku na huku, akivua nguo kwa msisimko. Tarehe 3 Desemba mwaka ule alisimama mbele ya mkutano uliohudhuriwa na waziri mkuu, William Gladstone, akawasomea Waingereza kisa cha Nuhu ambaye jina lake si Nuhu.

Jina lake katika kibao kile ni Utnapishtim, mtu wa mji wa Shuruppak kando ya mto Frati, na kisa chake ni sehemu ya 11 ya utenzi mrefu wa mfalme Gilgamesh, aliyekuwa akitafuta dawa ya kifo. Mungu mmoja alimnong'oneza aibomoe nyumba yake ajenge chombo. Akapakia jamaa zake, mafundi na wanyama. Dhoruba ikavuma siku 6 na mausiku 7. Ilipotulia alifungua dirisha, mwanga ukamwangukia usoni, akaona wanadamu wote wamerudi kuwa udongo, akakaa chini akalia. Kisha akaachia njiwa, akaachia mbayuwayu, akaachia kunguru. Katika ukumbi ule wa London wako waliosikia uthibitisho: tazama, hata wapagani wa Babeli wanaishuhudia Biblia. Wako waliosikia kinyume chake: kumbe Biblia ilikopa. Kibao ni kile kile kimoja. Miaka zaidi ya 150 imepita na masikio yetu bado yamegawanyika hivyo hivyo, wengine wakija kwenye udongo kutafuta shahidi wa kuwatetea, wengine kutafuta shahidi wa kuwashtaki.

Mimi hunivuta kwanza udongo wenyewe. Kibao kile ni tope la mto. Mwandishi wa kale alilichota, akalikanda, akalibapa, akaandika, akaliacha likauke juani. Udongo wa namna hiyo ukiloana huyeyuka na maneno yake. Vibao vya Ninawi vilikuwa mali ya mfalme Ashurbanipal, mwenye maktaba iliyotuachia vipande 30,000 hivi, mtu aliyejisifu kwamba amesoma hata maandishi ya tangu kabla ya gharika. Mwaka 612 KK maadui walikuja wakauteketeza mji, na moto ule ukavichoma vibao vingi kama mfinyanzi anavyochoma chungu. Moto uliokusudiwa kufuta ndio uliohifadhi. Vikalala ardhini zaidi ya miaka 2,400, hadi mchimbaji Hormuzd Rassam, mwenyeji wa Mosul, alipoifikia maktaba ile mwaka 1853. Kwa hiyo habari ya maji yaliyowarudisha watu kuwa udongo imetufikia kwa udongo ambao maji hayakuwahi kuurudia. Niliposimama mbele ya ukuta wa bibi nikakwangua mstari kwa ukucha, vumbi laini la kahawia likabaki kidoleni, na nilifikiri: hii ndiyo karatasi ya waandishi wale.

Na kibao cha Ninawi hakikuwa cha kwanza. Kisa kile kilikuwa kimeshazeeka kilipoandikwa hapo. Nyuma yake, karibu miaka 1,000 kabla, yuko Nuhu mwingine, Atrahasis wa Babeli. Na kwa Wasumeri yuko Ziusudra. Mwaka 2014 mtaalamu wa British Museum, Irving Finkel, alitangaza kibao kingine, kidogo kama simu ya mkononi, cha kati ya mwaka 1900 na 1700 KK, ambacho ndani yake mungu anampa mjenzi vipimo vya chombo. Chombo hicho ni cha duara. Ni kama kikapu kikubwa mno, kimefumwa kwa kamba, kimepakwa lami ndani na nje, na wanyama wanaingia wawili wawili. Vyombo vya duara vya namna hiyo, vidogo, viliendelea kuvusha watu na mizigo kwenye mito ya Iraq hadi karne ya 20. Mafundi walijenga mfano wa kile cha kibao, mdogo kuliko ulivyoandikwa, huko Kerala, India. Ukaelea, ingawa maji yalipenya. Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa sana chombo cha kamba ni nini. Babu zetu walishona mitepe kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari, wakavuka nayo bahari. Tunajua kwamba chombo kilichoshonwa huingiza maji, na kwamba kuna mtu ambaye kazi yake safari nzima ni kuyachota. Niliposoma juu ya kibao kile, kwa mara ya kwanza nilimwona Nuhu ana viganja vilivyochubuka.

Kisha yuko aliyekwenda kuyatafuta maji yenyewe. Leonard Woolley alichimba mji wa Ur, kusini mwa Iraq, kuanzia 1922 hadi 1934. Karibu na mwaka 1929 alichimba shimo refu la majaribio, akapita vigae na majivu na taka za watu, mpaka akafika kwenye udongo safi, laini, usio na kitu, ule unaoachwa na maji yaliyotulia. Wachimbaji wakadhani wamemaliza. Akawaambia waendelee. Unene wake ulifika mita 2 na nusu, na kwingine zaidi ya 3, na chini yake, ajabu, vigae vikaanza tena. Watu walikuwepo, maji yakaja, watu wakawepo tena. Woolley mwenyewe alisimulia kwamba alimwita mke wake, Katharine, atazame, naye bila kusita akasema hiyo bila shaka ni Gharika. Habari ikaenea duniani.

Lakini udongo ukiulizwa vizuri hujibu lile unaloulizwa, hata kama silo tulilotaka. Katika mji wa Eridu, mwendo wa kilomita 20 hivi kutoka Ur, hakukuonekana tabaka kama lile. Katika mji wa Kishi lilionekana, la wakati tofauti. Shuruppak, mji wa Utnapishtim mwenyewe, lilionekana la karibu mwaka 2900 KK, jembamba zaidi, na la baadaye kwa karne nyingi kuliko lile la Ur. Kwa hiyo hayakuwa maji mamoja. Yalikuwa mafuriko mengi, kila moja na mji wake na mwaka wake. Uwanda ule ni tambarare kama sinia. Mito ya Hidekeli na Frati hufurika majira ya machipuko, theluji inapoyeyuka milimani Uturuki, wakati ambapo shayiri iko karibu kuvunwa. Maji yakitoka hapo hayana pa kusimama. Na tukitaka gharika moja iliyofunika dunia kutoka ncha hadi ncha, ardhi inakataa waziwazi. Askofu James Ussher wa Ireland, katika karne ya 17, alihesabu vizazi vya Biblia akaiweka Gharika mwaka 2348 KK. Lakini mwaka huo Piramidi Kuu ya Giza ilikuwa imeshasimama, na Wamisri waliendelea kuandika bila kukatizwa. Wataalamu wa Ujerumani wameunganisha duara za ukuaji wa miti ya kale, mwaka kwa mwaka, kurudi nyuma zaidi ya miaka 12,000, na hakuna mwaka ambao miti yote ilikufa maji. Nayasema haya kwa utulivu, maana sioni faida ya kuyasema kwa kunong'ona. Mwenye macho haambiwi tazama.

Hapo ndipo wengi wetu huanza kutafuta upatanisho, na njia zinazotupitia kwanza akilini zote naona zina mwiba. Wapo wanaoufunga mlango mbele ya futi: kama udongo umesema hivi, basi udongo ni muongo. Lakini udongo nao ni kiumbe cha Mungu, na ni vigumu kumtukuza Muumba kwa kukanusha alichokiumba. Wapo wanaoifungia nje simulizi: kama haikuwa hivyo, basi ni ngano za kulazia watoto, tuachane nazo. Hao ni kama binamu yangu kabla hajaulizwa swali. Na wapo wenye bidii kuliko wote, wanaopanda Mlima Ararat, mita 5,137 juu ya bahari, kizazi baada ya kizazi, wakitafuta mbao. Hakuna ubao ulioletwa ukawatosheleza wanaochunguza. Nami hujiuliza: hata wangeuleta, ubao ungemfundisha nani kitu? Mbao za mitepe yetu zimeoza, na hakuna anayesema bahari haikuvukwa.

Pengine lugha zenyewe zinatufungulia kidogo. Katika Biblia ya Kiswahili, ile ya Union, Mungu anapoumba mwanzoni anaumba mbingu na "nchi". Na nchi hiyo ni ulimwengu mzima wa chini. Neno hilo hilo ndilo tunalolitumia kwa Tanzania na Kenya. Kwa Kiebrania ni erets, ndugu wa damu wa neno la Kiarabu lililotupa sisi ardhi; na ardhi ni ile iliyotandazwa chini ya mbingu, na ardhi ni ile ambayo mtu anaifuatilia hati yake mpaka viatu vinaisha. Wazee wa lugha hizi hawakuona shida neno moja likawa kubwa kama ulimwengu na dogo kama shamba. Na katika Qurani Nuhu ametumwa kwa kaumu yake, yaani watu wake. Chombo kikatua juu ya mlima Judi, nao watu wa Biblia wakasema milima ya Ararat, na kibao cha Ninawi kikataja mlima wa tatu. Ni kama kila kundi lilitazama upeo wake likataja mwinuko mrefu uliokuwa machoni pake. Chungu katika kifuu, na kifuu kimejaa.

Hata hivyo, kusema tu kwamba dunia yao ilikuwa ndogo hakunitoshi, kwa kuwa hakunielezi kwa nini kisa cha mafuriko ya mto wa mbali kimefika hadi kwenye mkeka wa Rufiji, na mafuriko mengine maelfu yakasahaulika. Nilipoweka visa hivi kimoja kando ya kingine ndipo nilipoona jambo ambalo sikuwa nimelitegemea. Maji ni yale yale. Chombo, lami, ndege, mlima, sadaka baada ya kutua, vingi vinapita kutoka mkono hadi mkono kwa mabadiliko madogo tu. Kinachobadilika zaidi ni sababu. Katika kisa cha Atrahasis, mungu Enlil anawaangamiza watu kwa vile wamezidi kuwa wengi na kelele zao zinamnyima usingizi. Katika kile cha Gilgamesh, miungu wenyewe wanaogopa tufani waliyoileta, wanajikunyata kama mbwa nje ya ukuta. Na mtu aliyepona anapotoa sadaka, wao wenye njaa wanaizunguka kama nzi. Ukifungua Mwanzo, kelele hazimo. Dunia imejaa dhuluma, na Mungu anahuzunika moyoni. Ukifungua Qurani, dhuluma ina sura: wakubwa wa kaumu wanamwambia Nuhu kwamba hawaoni wanaomfuata isipokuwa watu wa chini, na wanamtaka awafukuze, naye anakataa kuwafukuza.

Wazo ninalolishika ni hili. Watu wa nyanda zile walirithi maji. Hakuna aliyewahitaji manabii kuwaambia kwamba mito hufurika. Walichokihitaji ni jibu la swali la aliyesimama juu ya paa akiona kitanda chake kinaelea: kwa nini? Na kwa nini yule na si mimi? Jibu la zamani lilikuwa la kutisha kwa wepesi wake: huko juu kuna wenye nguvu, mmewaudhi kwa kuwepo kwenu, nyamazeni. Halafu akaja mtu, au watu, wakakichukua kisa kile kile ambacho kila mtoto wa Babeli alikijua, wakakisimulia upya na kusema: hapana, maisha ya wadogo si kelele. Mbinguni wanahesabu dhuluma. Mimi ninayeamini huliita hilo ufunuo. Asiyeamini anaweza kuliita hatua ya dhamiri ya binadamu, na hatutagombana barabarani. Lakini sote wawili tusingeiona hatua hiyo kama Smith hangesoma kigae chake. Uchimbaji uliodhaniwa utaipunguza simulizi umenionyesha, kwa usahihi wa futi, sehemu yake ambayo haikutoka mtoni.

Na bado kisa hakijawa chepesi. Nilipokuwa mtoto niliwahurumia wanyama waliobanana. Sasa ninamwona yule mwana juu ya mlima. Ninamwona Utnapishtim dirishani, mwanga umempiga usoni, analia. Ninafikiri juu ya mlango wa safina, na wale waliokuwa nje yake wakiubisha, ambao hakuna kitabu kilichotuandikia majina yao. Wanaosimulia kisa hiki kwa furaha ya waliopona tu hawajawahi kutoa tope kwenye nyumba ya mtu. Bibi alikuwa akifika kwenye wimbi anapunguza sauti, na nilidhani anatutisha ili tulale. Baadaye nikajua kwamba ndugu yake wa tumbo moja alichukuliwa na mto wakiwa wasichana. Alikuwa akisimulia habari za Nuhu, na chini yake habari nyingine, na hakuna kipimo cha udongo ambacho kingezitenganisha.

Bonde lile halina chuki na maji, na hilo nalo lingepaswa kusemwa kila tunapotaja gharika. Warufiji wamelima kwa mafuriko vizazi na vizazi. Maji yakishuka huacha rutuba, na katika unyevu huo wanapanda mlau: mahindi, kunde, maboga, mazao yanayokua mvua ikiwa imekatika. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika Operesheni Rufiji, serikali iliwahamisha watu kutoka bondeni kwenda miinukoni, mbali na hatari. Walihama, na wengi wao wakaendelea kushuka kulima, wakilala kwenye madungu yao yaliyoinuliwa juu ya nguzo, kwa kuwa kilichokuwa kinawaua ndicho kilichokuwa kinawalisha. Watu wa Sumeri wangeelewa bila mkalimani. Nao waliihesabu historia yao kwa maji. Orodha ya wafalme wao imegawanyika mahali pamoja, waliotawala kabla ya gharika na waliotawala baadaye. Bibi naye ana watoto wa kabla ya mafuriko fulani na watoto wa baada yake. Ukimuuliza mwaka anakuambia maji.

Siku ya mwisho ukuta ulikuwa umekauka na chokaa ilikuwa imeshachanganywa ndooni. Mtoto wa shangazi, wa miaka 5, aliyekuwa amepelekwa mapema kwa ndugu huko juu, alikuwa amerudi na kuuliza kila kitu. "Bibi, maji yalifika wapi?" Binamu yangu alifungua mdomo, akaufunga. Bibi aliinuka kwenye kigoda, akaenda akaegemeza mgongo ukutani, wima kadiri mgongo wake unavyomruhusu, kama mtoto anayepimwa urefu siku ya kliniki. Ni mwanamke mfupi, na miaka imemfupisha zaidi. Akaweka kiganja kooni. "Yalifika hapa," alisema.

Nilitazama. Mstari ulipita pale pale, nyuma ya shingo yake, sentimita 132 kutoka sakafuni. Kiswahili tunasema maji yamenifika shingoni, na tunasema tukiwa na madeni, tukiwa na misiba, tukiwa mahali pakavu kabisa. Na sikuwahi kufikiri kwamba msemo huo ulianza na mtu mmoja aliyesimama hivi, gizani, ameinua kidevu. Binamu yangu alichukua penseli ya fundi, akaandika pembeni ya mstari, kwa herufi ndogo, mwezi na mwaka. Kisha akachovya brashi akaanza kupaka, na alipofika pale akauacha mstari na yale maandishi, upana wa mabega ya bibi, akapaka kuzunguka.